Pipa Moja la Dizeli kwa Paa la Yakobi

Kuta za kanisa letu la kijiji cha Yakobi tulizijenga kwa tofali mbichi. Udongo mzuri tulikuwa nao, na mikono tulikuwa nayo, lakini kuni za kuchomea tofali nyingi kiasi kile hatukuwa nazo, na wazee waliona heri tujenge kiangazi kile kile kuliko kungoja miaka. Tofali bichi hukaa maisha ya mtu, ila sharti livae kofia. Mvua ya Njombe ikilikuta kichwa wazi, linarudi kuwa tope. Kwa hiyo mwaka ule sote tulikuwa tukitazama mawingu. Kuta zilikuwa zimekamilika, mbao kutoka Matembwe zilikuwa zimepigiliwa juu, na bati zilikuwa Makambako.

Zilikuwa Makambako kwa sababu ndiko treni ilikozishusha. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mtu aliweza tena kuagiza bati akazipata, jambo ambalo miaka michache nyuma tulikuwa tukiliombea kama tunavyoombea uponyaji. Mfanyabiashara mmoja, Mwislamu aliyehamia Makambako kutoka Singida, alituwekea bati zetu na saruji yetu katika stoo yake bila kutudai chochote. Sisi tulimwita Alhaji. Alisema tu kwamba mahindi yakianza kuingia atahitaji nafasi yake.

Bati zilirudi madukani kabla dizeli haijazoea kurudi. Zilikuwapo wiki ambazo pampu za Njombe zilikauka kabisa. Usharika ulichanga ukapata pipa moja, likasimamishwa nyuma ya nyumba yangu, na wazee wakaniambia, "Hili ndilo paa. Likiisha kabla ya bati kuisha, upande mmoja wa kanisa utanyeshewa."

Mimi nilikuwa mwinjilisti wa mtaa, na kwa kuwa nilijifunza udereva nikiwa kijana, nilikuwa pia dereva wa pikapu ya usharika. Gari lilikuwa la dizeli, limezeeka kwa heshima. Nilipohesabu mzigo niliona wazi kwamba safari za pikapu peke yake zingekuwa nyingi mno. Nikapendekeza tuazime tela la Alhaji, lililoungwa na mafundi wa pale Makambako kwa ekseli ya gari lililokufa.

Mhazini wetu hakupenda. Alikuwa mtu wa haki na mwangalifu, naye alilitunza pipa lile kama anavyotunza sadaka.

"Mwinjilisti," alisema, "tela halina injini. Kila hatua litakayotembea litainywa kwenye pipa letu. Hao ni nguruwe wawili kwenye bakuli moja."

"Mzee, gari tupu nalo lina njaa yake," nikamjibu. "Likienda Makambako na kurudi bila kitu, linakunywa. Tela linaongeza mzigo maradufu, lakini haliongezi njaa maradufu."

"Umelipima?"

"Nitalipima."

Nikakata fito ya mlanzi, ule mwanzi wa kugema pombe, nikawa naizamisha ndani ya pipa kila ninaporudi na kujaza tangi, na pale unyevu ulipoishia nikawa nachora alama kwa kisu. Safari ya kwanza nilikwenda bila tela ili nipate kipimo cha kulinganishia. Safari ya pili nililivuta. Alhaji mwenyewe alisimamia upakiaji. Alizipiga teke tairi za tela, akacheka.

"Hizi tairi zimekaa kama maandazi! Jaza upepo, Mwinjilisti. Tairi laini inakunywa mafuta kuliko dereva mlevi."

Tukajaza upepo. Saruji tukaiweka ndani ya pikapu, bati ndefu tukazilaza kwenye tela, uzito ukiegemea mbele kidogo ili lisinyanyue mkia wa gari. Nilipanda kwenda Njombe taratibu, bila haraka. Nilifika salama nikimshukuru Mungu. Kisha nikazamisha fito.

Nafasi kati ya alama na alama ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Mhazini aliigeuza fito mkononi, akainusa, akanirudishia. "Nguruwe wawili," akasema, na hakusema kwa ubaya. Aliona, kama nilivyoona mimi, kwamba kwa mwendo ule pipa lisingetufikisha, na kwamba bila tela pia lisingetufikisha. Tukakubaliana nifanye safari moja tena na tela. Ikiwa vile vile, tutachagua ni upande upi wa kanisa uachwe wazi.

Sikufadhaika. Nilijua hesabu yangu ilikuwa sawa. Nilichokuwa sijui ni nani aliyekuwa anakula kando. Nililiombea jambo hilo, nami sioni haya kusema kwamba niliombea matumizi ya dizeli. Jibu nililipata jikoni jioni ile ile. Mke wangu, aliyekuwa amekaa nami mbele safari nzima, alikuwa akimenya viazi.

"Kwani unashangaa nini?" aliniuliza. "Ulisimama kila daraja."

Ilikuwa kweli.

Lazima nieleze. Barabara ya Makambako inapanda na kushuka kama blanketi lililokunjwa vibaya. Watu wa kwetu wakitaka lifti hungojea bondeni, darajani, kwa sababu huko kuna maji na kivuli, na gari hupunguza mwendo. Na gari la kanisa haliwezi kumpita mtu. Sijui nani aliitunga sheria hiyo, lakini kila mtoto wa nyanda zile anaijua. Ukimpita mtu na gari la kanisa, habari zitafika madhabahuni kabla yako. Safari ile nilikuwa nimepakia akina mama wenye mabeseni, mwalimu na baiskeli yake, mzee na mbuzi, na kila mmoja nilimpakia pale chini kabisa, mahali ambapo gari lenye tela lilipaswa kuwa na mwendo wa kuukabili mlima.

Gari lisilo na tela likisimama darajani halipotezi kitu kikubwa. Lakini gari lenye tela lililojaa likisimama chini ya mlima, linaanza upya kutoka sifuri. Unaingiza gia ya kwanza, injini inalia, moshi mweusi unapanda, nawe huwezi kubadili gia hata ufike juu. Mwendo ambao mteremko ulikupa bure umeumwagia mtoni. Kisha juu unashuka tena, na chini kuna watu wengine wamenyoosha mikono.

"Basi nisiwapakie?" nilimuuliza mke wangu.

"Sijasema hivyo. Nimesema ulisimama kila daraja."

Nililala na neno hilo. Nimeamini siku zote kwamba amri za Mungu hazigombani zenyewe kwa zenyewe. Tukiona zinagombana, ni sisi tumesimama mahali pabaya. Sikuweza kuwaacha watu njiani ili nijenge nyumba ya kumwabudia Yeye aliyetufundisha kutompita mtu njiani. Wala sikuweza kuimwaga sadaka yao mabondeni. Asubuhi nikaona kwamba jambo lenyewe ni jepesi: wapakiwe, ila si pale.

Jumapili, wakati wa matangazo, nilisimama nikaeleza. Gari la kanisa likivuta tela, anayetaka lifti asingojee darajani, angojee juu ya mlima. Huko juu tela linasimama bila hasara, na kuondoka ni kushuka tu. Nikawaomba pia wainjilisti wenzangu wa mitaa ya njiani walitangaze.

Bibi mmoja, ambaye binti yake ameolewa njia ile, alinyanyuka katikati ya akina mama, akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, Mwinjilisti."

"Kamwene, bibi."

"Nataka kuelewa. Mimi nipande mlima kwa miguu yangu, na mzigo kichwani, mpaka juu. Halafu ndipo wewe unipe lifti ya kushuka?"

Kanisa zima likacheka, na mchungaji naye akajificha nyuma ya kitabu chake.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Na mlima unaofuata nitakupandisha mimi, na ule wa tatu, na ule wa nne. Wewe unaupanda wa kwanza kwa niaba ya paa."

"Basi paa hilo liniandikie jina," akasema, akakaa. Lakini mhazini, ambaye sikutarajia anisaidie, alisimama akaongeza kwamba mgonjwa, mja mzito na mzee wa fimbo watapakiwa popote walipo. Tukaafikiana.

Safari ya tatu nilikwenda nikiwa na amani. Nilipakia kwa Alhaji, nikageuza. Madaraja yalikuwa matupu. Nilishuka kila mteremko katika gia ya tatu, kwa sababu tela halina breki na dereva anayeweka fri, yaani anayetoa gia, akiwa na tela huwa amekabidhi usukani kwa mzigo. Karibu na chini nikaongeza resi kidogo, nikaupokea mlima nikiwa na mwendo, na gari likapanda likiimba. Juu, penye upepo, walikuwa wamejipanga na mizigo yao. Katika kilele kimoja nilimkuta mtu nisiyemjua, ameshika dumu la ulanzi, pombe ya mlanzi.

"Wewe si msharika," nikamwambia.

"Mimi si msharika, mnyalukolo, ndugu yangu, lakini tangazo lilifika mpaka kilabuni. Tukaambiwa gari la Bwana linasimama juu tu."

"Na dumu hilo?"

"Hili litakaa kimya."

Nikampakia. Dumu lilikaa kimya kuliko mwenyewe.

Nilipozamisha fito, alama mpya haikuwa mbali na ile ya safari isiyokuwa na tela. Mzigo maradufu, na njaa imeongezeka robo hivi au chini ya theluthi. Mhazini alilipima mwenyewe mara ya pili. Kisha akasema, "Kesho uondoke mapema." Maneno hayo yalinitosha.

Tuliendelea hivyo, safari kwa safari, mafundi wakipigilia bati kila zilipofika, mpaka ikabaki moja. Katika pipa ilibaki dizeli ya safari hiyo, pamoja na masalio ambayo mtu mwenye hofu angesema hayatoshi. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Njombe tangu asubuhi, mazito, yamejaa. Alhaji alinisaidia kufunga kamba kwenye bati za mwisho. "Nenda," akasema. "Mungu wako na wangu hawezi kukuangusha kwenye mlima aliouumba mwenyewe."

Katikati ya njia, darajani, alikuwapo mzee mmoja wa fimbo na mwanawe. Mguu wake ulikuwa umevimba hadi gotini, wanakwenda hospitali Njombe. Nilisimama. Nasema hivi kwa urahisi kwa sababu kulikuwa hakuna la kufikiri. Mzee nilimweka mbele, karibu nami. Mlima ule ulikuwa mrefu kuliko yote, nami nilitazama mshale wa mafuta, kisha nikautazama mlima.

Kabla sijaingiza gia nikasikia watu niliowapakia juu ya milima ya nyuma wanaruka chini. Mama mmoja alinigongea bodi. "Tangulia, Mwinjilisti! Sisi tutapanda kwa niaba ya paa!" Wakajitwika mizigo yao vichwani, vijana wakalisukuma tela kwa nyuma, gari likaanza kutembea mapema kuliko nilivyotarajia, na nilipofika juu nikawangojea. Walifika wakihema na kutaniana. Mzee aliwaambia kwamba hajawahi kupandishwa mlima na watu wengi hivyo akiwa hai.

Tulimshusha hospitali, tukafika Yakobi alasiri. Hakukuwa na muda wa kupigilia. Mafundi na waumini walizipokea bati kutoka kwenye tela moja kwa moja, wakazilaza juu ya mbao, wakazikandamiza kwa mawe, na bati ya mwisho ilikuwa bado mikononi mwa watu wakati matone ya kwanza yalipoanza kugonga. Kisha mvua ikanyesha kama ilivyokusudia. Tulisimama ndani, kwenye sakafu ya udongo, wengine wakiimba na wengine hawasikiki kwa kelele za bati.

Mhazini hakuimba. Alizunguka ukuta kwa ndani, pole pole, akipitisha kiganja kwenye tofali, kona hadi kona. Aliporudi nilipokuwa nimesimama alinionyesha mkono wake. Ulikuwa na vumbi.