Ghala la Mabanzi

Harufu ya mti wa mwangati uliopasuliwa haijanitoka puani hadi leo, na kila ikinijia hunikumbusha ghala la baba, nami huudhika upya. Enzi za Mjerumani baba alikuwa akisukuma magogo kwenye kiwanda cha mbao karibu na Korogwe. Mbao nyekundu zilipakiwa kwenye treni. Mabanzi, yale maganda ya pembeni yaliyobaki na magome yake, yalirundikwa nje na kuchomwa moto. Msimamizi aliporuhusu vibarua wayachukue, baba alifurahi kama aliyepewa ng'ombe. Safari kwa safari aliyabeba kichwani hadi kwetu Sindeni, akifika shingo imekakamaa, maranda yamejaa nyweleni, meno yote nje.

Mama alikuwa akihifadhi mahindi darini jikoni, juu ya moshi wa meko, kama mama yake alivyofanya. Baba akasema huo ni ushamba. Akajenga ghala la mabanzi nyuma ya nyumba, bila nguzo, likigusa udongo, akahamishia humo mahindi yote, hata ya mbegu.

"Baba Mwanaidi, na mchwa je?" mama aliuliza, akimwita kwa jina langu.

"Mwangati mchwa hawaugusi. Mzungu wa kiwandani mwenyewe kasema."

Mzungu alisema kweli, ila alisema juu ya moyo mwekundu wa mti. Ile sehemu nyeupe iliyoshikana na gome, ambayo ndiyo mabanzi yenyewe, mchwa huitafuna bila taabu. Hilo hatukulijua, na baba hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Hata wageni waliletwa kunusa ghala! Mvua za kupandia ziliponyesha, mama akaenda kuchukua mbegu. Banzi likammeng'enyekea mkononi. Ndani mlikuwa na udongo na magunzi. Akaenda kwa kaka zake kuomba mbegu, tukapanda wenzetu wakipalilia, na mwaka ule tulilala njaa. Baba naye? Alisema mama alimwaga maji karibu na ghala. Mpaka anakufa hakubadili neno.

Juzi nilikuwa nikingoja treni Korogwe, nikaegemea mlango wa stoo ya zamani, wa enzi zilezile. Nikaukwaruza kwa ukucha: mwekundu, harufu ileile, hauna tundu hata moja. Nilikasirika, na safari hii si kwa baba peke yake. Laiti ningemshika mkono nimlete pale, aone gogo alilolisukuma kwa mabega yake lilikwenda wapi, yeye akarudi nyumbani na maganda.