Siku Nilipokubali Kupanda Mnara

Wacha niseme mapema mnicheke mara moja tumalize: mimi Kariuki, fundi wa saa ambaye mjini Nyeri nilikuwa na jina, niliwahi kujikojolea mbele ya kanisa zima, na si kujikojolea tu, maana aliyekuwa chini yangu wakati huo (Mungu anisamehe) alikuwa mama yake Wambui, msichana niliyekuwa namposa.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, nami nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la saa la Mhindi mmoja. Nikishika saa, dunia yangu huishia hapo mezani. Nabana jichoni ile lenzi ndogo nyeusi, nashikilia pumzi, na hata ng'ombe akiingia dukani simwoni. Sasa lenzi hiyo huteleza, na ili isianguke unainua nyusi kidogo uirudishe mahali pake, na nyinyi mnajua kwetu mtu akiinua nyusi amesema ndiyo.

Alhamisi moja Mzee Ndirangu, baba yake Wambui, mzee wa kanisa na mtu asiyecheka, akaja akasimama mbele ya meza yangu. Sauti niliisikia, maneno sikuyasikia, kwa kuwa nilikuwa nimeshika springi nyembamba kama unywele. Akaongea, nikarudisha lenzi. Akaongea tena, nikarudisha lenzi. Nilipomaliza na kuinua kichwa, alikuwa ananipa mkono.

"Basi tumeerewana. Jumapiri, watu wakitoka ibada."

Hapo ndipo ningesema samahani mzee, sikukusikia, na yote yangeishia hapo. Lakini utamwambiaje baba wa msichana kwamba amesimama mbele yako robo saa nzima na hujamsikia? Nikatabasamu kama mjinga, nikasema, "Sawa, baba."

Tajiri wangu ndiye aliyenieleza mzee alipotoka. "Kariuki, kumbe wewe iko hodari! Kupanda mnara ya kanisa kwa nje, kutengeneza ile saa!"

Mimi naogopa juu, na siogopi kidogo. Nyumbani Chaka hata kupanda darini kuteremsha mahindi nilikuwa namtuma dada yangu. Ijumaa sikula. Jumamosi nilikuwa nimeshapanga kuugua, lakini Wambui akanijia macho yakimeremeta. "Baba alikuwa anasema ati mtu wa kukaa kwa stuli hawezi kunitunza," akaniambia. "Sasa anakusifu kila mahali. Hata watu ya Naro Moru watakuja kuona." Nikaona nikikataa, Wambui amekwenda.

Jumapili walikuwa wamefunga ngazi tatu pamoja kwa kamba ya katani. Nikapanda. Vidato kumi vya kwanza vilikuwa vya watu kunipigia makofi. Baada ya hapo makofi yakanyamaza, upepo wa nyanda za Kieni ukaanza kuitikisa ngazi, nami nikafanya kosa la kutazama chini, nikaona vitambaa vya kichwa vya akina mama vidogo kama punje za mahindi. Nikakumbatia ngazi. Niliiambia mikono iachie, mikono ikakataa. Nilijua kabisa kwamba nitakufa hapo, Wambui akinitazama, na jasho lilinitoka kwa baridi ile.

Sijui nilikaa muda gani. Kisha nikasikia ngazi ikitikisika kutoka chini, na mkono ukanishika kifundo cha mguu.

Alikuwa Mama Wambui. (Wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, wanaume wakiwa kizuizini, ndiye aliyekuwa akipanda kuezeka nyumba za kijiji.) Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya, hata kumsalimia ni kwa mbali, na huyu hapa ameshika mguu wangu.

"Funga macho," akasema. "Usiongee. Nikigonga mguu mara moja, shusha. Nikigonga mara mbiri, simama."

Akagonga, nikashusha. Akagonga, nikashusha. Tukaenda hivyo kidato kwa kidato, mpaka ngazi ilipoyumba ghafla kwenye fundo la kamba, na hapo mwili wangu ukaachia kile ulichokuwa umekishikilia tangu asubuhi. Nilisikia joto likiteremka mguuni. Mkono wake ukasita kidogo. Kisha akagonga mara moja.

Chini hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mzee Ndirangu aliitazama suruali yangu, akamtazama mkewe akijifuta uso.

"Kariuki, si niriuriza wewe kama utaweza, ukakubari?"

Sikuwa na la kuficha tena. "Baba, siku ile sikusikia neno hata moja. Nilikuwa nimezama kwa kazi."

Uso wake ukabadilika. "Hata swari ya mwisho?"

"Gani, baba?"

"Niriuriza kama utatunza Wambui yangu, hata akigonjeka, hata mkikosa chakura. Uriitikia haraka. Nikaenda nyumbani nikaambia mama yake nimekupatia yeye."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa juu ya ngazi. Wambui alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, mkono mdomoni, wala sikuthubutu kumtazama.

"Niulize tena, baba," nikasema.

Akaniuliza, neno kwa neno, mbele ya watu wote, nami nikajibu, suruali ikinigandia miguuni, kwamba nitamtunza. Mzee akamgeukia mkewe. Mama Wambui ndiye aliyesema, "Basi twende nyumbani, kijana anasikia baridi."

Tangu siku hiyo sijapanda ngazi na sitapanda, na mtu akinisemesha nikiwa kazini naweka kila kitu chini namwambia bila aibu, rudia, sikukusikia. Wambui, ambaye sasa ni mama wa wanangu, ananicheka kila mwaka. Mama yake hajawahi kunicheka hata siku moja, na ndiyo maana mpaka leo nikisikia sauti yake mlangoni, natafuta njia ya kutokea nyuma.