Nguvu Nne za Kushika Kisu

Tulikuwa wanne, na tulicheza Jumapili mchana baada ya ibada, sebuleni kwa mwalimu wa hisabati, mtaani Somanda. Yeye ndiye aliyeongoza mchezo: alisimulia safari ya kubuni, sisi tukasema wahusika wetu wanafanya nini, na dadu yenye pande ishirini ikaamua kama wamefaulu. Wengine walikuwa nesi aliyehamishiwa Bariadi kutoka Tanga, daktari wa mifugo mzaliwa wa Itilima, na mimi niliyetunza daftari la alama.

Kanuni ya silaha ilikuwa rahisi. Kila silaha hudai kiwango fulani cha nguvu: shoka la mikono miwili kumi na tano, kisu nne. Mhusika akipungukiwa, kila pointi inayokosekana hutolewa kwenye dadu yake.

Kitabu kilitaka nguvu zenyewe pia zipatikane kwa kurusha dadu. Daktari akasema huo ni uvivu, mtu apimwe. Hapo ndipo tulipokosea. Tukajaza ndoo ya lita kumi, kila mmoja akaishika mkono ukiwa umenyooka mbele, wengine wakihesabu. Hesabu uliyofikia ndiyo ikawa nguvu za mhusika wako. Mimi nilifika saba. Daktari alifika kumi na sita, akachukua shoka.

"Nkoi, rafiki yangu," akaniambia, "wewe beba kijiko."

Jumapili ya tatu, katika simulizi, kivuli kilitoka kisimani kikamgusa mhusika wa daktari. Mguso huo hula nguvu sita. Nikafuta kumi na sita, nikaandika kumi.

Wiki iliyofuata nesi alidai apimwe upya, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuumwa malaria. Tukapimwa wote. Mimi, saba. Daktari alianza akitabasamu. Tulipotamka kumi, ndoo ikamponyoka. Maji yakaenda mpaka chini ya kochi na hakuna aliyecheka.

"Umechoka tu," mwalimu akasema.

"Sijachoka," alijibu, akiutazama mkono.

Siku hiyo kivuli kilimgusa tena. Nikaandika nne.

Jumapili iliyofuata daktari hakuketi mara moja. Alitueleza kuwa Jumatano aliitwa kijijini Zagayu, ng'ombe anashindwa kuzaa.

"Nilishamshika ndama miguu. Vidole vikaachia vyenyewe. Mwenye ng'ombe akamvuta yeye mwenyewe, akaniambia, 'Daktari, hebu kaa pembeni.'" Akanigeukia. "Ni penseli tu, nkoi. Futa. Nirudishie kumi na sita zangu. Mkono huu ndio kazi yangu."

Mwalimu akakataa. Nguvu hurudi kivuli kikiuawa, si vinginevyo. "Tukidanganya," akasema taratibu, "hatujui tutakachokuwa tumekirudisha."

Sikumwona mtu hata mmoja akimshangaa kwa maneno hayo.

Daktari akaacha shoka, akachagua kisu, silaha pekee ambayo bado aliimudu bila kukatwa pointi. Lakini kisu humlazimisha mtu kusogea karibu. Alihitaji kumi na mbili kwenye dadu. Alirusha kwa mkono wa kushoto.

Tisa.

"Kimekugusa," mwalimu akasema. Kwa kanuni, nguvu zikiisha mhusika amekufa. "Andika sifuri."

"Usiandike!" nesi akaruka. "Wewe, weka hiyo penseli chini!"

Mkono wa kulia wa daktari ulilala mezani, kiganja juu, kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Nikafunga daftari.

Hatujacheza tena. Huko Mwanza alikopelekwa wanasema ni mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni, na nesi anasema hilo linawezekana kabisa. Daktari bado anasubiri vipimo vingine. Kila Jumapili, saa ile ile, hunipigia simu.

"Hujaandika?"

"Sijaandika, nkoi."

Nasikia anavyopumua, kisha hukata.