Chumba cha Salma

Bora nijicheke mwenyewe kabla mtaa wetu mzima wa Rashidiya haujanicheka. Juzi jioni nilikuwa nakanda unga wa chapati, binti yangu Salma akanipigia kwa video. Yeye na mumewe walikuwa safarini kwa gari, huko magharibi ya Kanada, na kwao ndiyo kwanza asubuhi. Harusi yao haijatimiza hata mwaka.

Mkwe wangu ndiye aliyekuwa akiendesha, lakini sikujali. Salma huongea nami kwa earphone siku zote, nikajua zimo masikioni, chini ya mtandio.

“Unakula vizuri?” nikanong'ona.

“Mama, tazama milima ile! Theluji tupu!”

“Hakufokei?”

“Mama, mbuzi wa mlimani hao, wanavuka barabara!”

Kila nikiuliza, ananigeuzia simu dirishani. Roho ikaniuma. Mwanangu ana jambo, ananificha. Nikaisogeza simu mdomoni mpaka ikaingia unga.

“Salma, ukichoka naye sema tu, nikutumie tiketi. Chumba chako sijakigusa. Shuka nabadilisha kila Ijumaa.”

Gari likasimama kando ya barabara. Salma alikuwa ameuma ncha ya mtandio, analia na kucheka pamoja.

“Mama, leo sikuvaa earphone. Unasikika kwenye spika za gari, tangu mwanzo.”

Ikafuata sauti ya kiume, ya upole.

“Shikamoo, mama. Mimi sina tena mama wa kunitandikia. Hicho chumba, tukija sote wawili, tutaenea?”