Sabuni ya Nyumbani na Sabuni ya Hoteli

Siku ya kwanza kazini nilisimama nje ya geti la kiwanda cha sabuni, kule Kakiika karibu na mji wa Mbarara, nikashindwa kubisha. Nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alfajiri, nimevaa sare ya kwaya kwa sababu ndiyo nguo pekee isiyo na kiraka. Kiingereza sikukijua, na Kiswahili changu kilikuwa cha Fizi, kwetu Kongo. Niliamini mlinzi akinisikia nikisema neno moja tu atanirudisha. Alifungua mwenyewe, akaniangalia, akasema, "Ingia, nyabo," yaani mama. "Mkubwa nangoja wewe."

Mkubwa alikuwa Mkurugenzi, mwenye kiwanda. Kabla hajanionyesha kiti alinipeleka kwenye pipa la kostiki, dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni.

"Hii nakula ngozi," alisema. "Ogopa hii kila siku. Siku wewe nazoea, siku hiyo iko mbaya."

Amri hiyo sikuhitaji kukumbushwa. Mimi ni mtu wa woga tangu nilipovuka mpaka, na katika kazi yetu woga ulinifaa kuliko ulimi mtamu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Base Camp, katikati ya kambi yetu ya Nakivale, kuwauzia wateja wa nyumbani. Ninyi mnaoanza leo mnadhani mauzo ni mauzo, lakini mteja wa nyumbani ana namna yake. Anaamua palepale. Ananusa mche wa sabuni, anaukwaruza kwa ukucha, anamuuliza jirani, basi, ananunua au anaondoka. Nilikuwa nikibeba sampuli, yaani vipande vidogo vya kujaribia bure, na beseni, nikifua kola ya shati mbele ya watu mpaka povu lipande. Wamama wa Kongo walitaka povu jingi. Wale wa Burundi waliuliza kama itaharibu mikono. Wote waliamini uso wangu kwanza, sabuni baadaye. Wakaiita sabuni ya Mama Riziki, yaani yangu, na mimi nikaogopa zaidi. Ikimdhuru mtu, nani angepanda gari mpaka Kakiika kumtafuta Mkurugenzi? Wangekuja mlangoni kwangu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Mbarara mjini, chini ya Meneja wa Mauzo, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Huko tuliuzia hoteli, shule za bweni na madobi. Hawakutaka mche. Walitaka jerikani za sabuni ya maji, kali sana, ambayo lazima ichanganywe na maji mengi kabla ya kutumiwa. Na hapo hakuna anayeamua peke yake. Unaanza na ofisa manunuzi, ambaye kazi yake ni kuchagua muuzaji, naye anakupeleka kwa mtunza stoo, kisha kwa mhasibu. Unaweza kunywa chai nao miezi na usiuze kitu. Harufu hawaiulizi. Wanauliza kama utaleta mzigo kwa wakati, kila mara.

"Hawa natumia kichwa," Meneja alinifundisha. "Wewe peleka karatasi ya maelezo, hapana peleka beseni."

Nilimsikiliza, lakini kitu kimoja kilinisumbua. Nyumbani, anayenunua sabuni ndiye anayeishika. Hotelini, ofisa manunuzi alisoma maelezo yangu akiwa ofisini, na aliyetumbukiza mikono alikuwa mtu mwingine kabisa, ambaye sikuwahi kumwona.

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani Nakivale. Alikuja Perpetua, mama Mrundi, mteja wangu wa tangu siku za beseni. Mkono wake wa kulia alikuwa ameufunga kitenge. Alipokifungua, ngozi ya vidole ilikuwa imetoka kama ganda.

"Mama Riziki, hii sabuni yako mupya iko inaunguza," alisema polepole, bila hasira. "Nilidhani ni mimi sikujua kuitumia."

"Sabuni gani mpya?"

Alitoa chupa ya soda mfukoni. Haikuwa na lebo. Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya njano, na nilipofungua kizibo macho yalinitoka machozi. Ilikuwa sabuni ya jerikani, haijachanganywa.

Nilimpeleka kliniki, kisha nikakimbia sokoni. Aliyeziuza alikuwa kijana wa kazi wa dobi mmoja wa Mbarara, anayekuja kwao kambini kila mwisho wa wiki. Alikuwa akijaza chupa kutoka jerikani za huko kazini.

"Sabuni si sabuni tu, Mama?" aliniuliza. "Batu balipenda, juu ya vile nilisema ni ya kwako."

Chupa zote alikuwa ameshauza. Ni nyumba gani isiyo na mtoto? Na mtoto gani hajui chupa ya soda?

Nikampigia Meneja. Nikamweleza yote, na kwamba nataka kutangaza kanisani.

"Hapana tangaza," alisema. "Kama hoteli nasikia sumu, wote naondoka. Kiwanda nakufa. Tafuta chupa pole pole, nyumba kwa nyumba."

"Madame, nyumba ni nyingi. Sitamaliza."

"Mimi nasema hapana. Na ukitangaza, kazi basi."

Sikulala. Asubuhi, ibadani, nilimwomba mchungaji wetu kipaza sauti, na katekista wa kanisa la Warundi akakubali kusoma maneno yaleyale kwao. Nilisimama mbele. Nilisema chupa za njano zina dawa ya kula ngozi, zisiguswe na mtoto, waniletee zote. Na kama mtoto ameonja, wasimtapishe, wamkimbize kliniki.

Mwanaume mmoja alisimama nyuma. "Kumbe unatuuzisha sumu?"

Watu wakaanza kuinuka. Niliangalia mlango na kuona umezibwa. Nilijua kwetu ghasia huanzaje. Perpetua, aliyekuwa ameingia kunitafuta, akapita katikati yao na mkono wake wa bandeji juu.

"Mumuache," alisema. "Mimi ndiye nimeunguzwa. Muende kwanza mutafute chupa, hasira mukuje nayo kesho."

Wakaenda. Hadi mchana chupa zilikuwa zimejaa mbele ya kanisa. Kijana wa dobi alizitambua zote, akasema imebaki moja. Alimuuzia bibi mmoja upande wa Rugaaga.

Tulikwenda kwa pikipiki. Nilimkuta bibi ameketi jikoni, anachambua maharage, macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee. Dirishani zilisimama chupa mbili za soda, za njano zote mbili, zimegusana.

"Bibi, sabuni ni ipi?" nilimuuliza.

Alinyoosha mkono bila kusita, akashika moja. "Hii."

Nikainusa. Yalikuwa mafuta ya kupikia; sabuni ilikuwa ile nyingine, aliyoiweka kwa ajili ya maharage.

Mkurugenzi hakunifukuza, ingawa Meneja alikuwa ameniahidi hivyo. Madobi wawili waliacha kununua kwetu. Hoteli zilibaki, lakini ofisa manunuzi mmoja aliniita, akafunga mlango, akauliza kwa nini alisikia habari kutoka kwa mpishi wake badala yangu. Tangu hapo kiwanda kilitia rangi ya buluu katika sabuni kali, na mimi sikukubali kuacha jerikani popote kabla ya kuongea na wanaoishika. Base Camp mauzo yalianguka, na baadhi ya wateja hawakurudi kamwe. Siwalaumu.

Sasa nimestaafu, magoti hayataki ngazi za hoteli. Vijana wa mauzo huja kuniuliza lipi gumu zaidi, kuuzia kampuni au kuuzia watu. Nawaambia kampuni ina milango mingi na mtu ana mmoja, lakini mwisho wa milango yote kuna mkono wa mtu, na mzigo ukishatoka getini hujui utalala nyumba gani.

Hapo wanacheka, wanasema nimekuwa mwoga kwa uzee. Sibishani. Usiku bado naota nafika Rugaaga nimechelewa kidogo tu, sufuria iko motoni, na bibi ananivutia kigoda nile naye.