Tai ya Maridadi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, wa suti za kiume tu. Ukimuuliza kwa nini, anajibu, "Mwanamke nikitaka kumjua nazungumza naye. Mwanaume namsimamisha mbele ya kioo." Ana mdomo huyo, we acha tu!

Nilipotaka kuolewa, mama aligoma kutoa baraka. Mchumba wangu tulimwita Maridadi, maana hakupita penye kioo, hata cha gari la watu, bila kujitazama. Na mama alikuwa amesikiliza kipindi cha saikolojia redioni. "Mwanangu, huyo ni saikopathi! Hana huruma!" Nililia mpaka macho yakavimba. Mwishowe tukakubaliana: wifi yake, yaani Shangazi, aamue, siku ya kupima suti.

"Wifi, umechanganya mambo," Shangazi akamwambia, huku akichomeka pini kwenye kimto chake. "Anayejipenda kupita kiasi wanamwita narsisi. Huyo na saikopathi ni binamu. Wote watakutumia, wote machungu yako hawayabebi, na wakati mwingine wanakaa ndani ya mtu mmoja, Mungu apishe mbali! Lakini narsisi ana njaa ya sifa. Mnyime uone atakavyoumia. Saikopathi wala hana shida na makofi yako. Kama yule aliyekuwa mume wangu."

Huyo tulimjua sote: mcheshi, maneno matamu, kioo hakuwa na habari nacho. Siku sindano ya cherehani ilipotoboa kidole cha Shangazi, bwana huyo alikaa akiitazama damu, ametulia tuli, kisha akauliza chai iko wapi.

"Maumivu yangu aliyaona vizuri sana," Shangazi alisema. "Ila hayakumhusu."

Maridadi akafika. Akavaa suti, akajigeuza kushoto, akajigeuza kulia. "Vipi, Shangazi, imenikaa?"

Shangazi kimya.

"Shangazi, imenikaa?"

Kimya. Jamani, uso ulimshuka kama mtoto aliyenyang'anywa pipi! Mama akanikonyeza: unaona?

Shangazi akavuta pindo kwa nguvu, pini ikamzama kidoleni. Damu ikachuruzika.

"Suti yangu!" Maridadi akapiga kelele.

Mama akachukua mkoba wake, tuondoke.

Mara Maridadi akakitazama kile kidole. "Nisamehe, Shangazi," akasema, macho chini. Akavua tai yake mpya ya hariri, akamfunga nayo kidole.

"Wifi, toa baraka," Shangazi akasema. "Hata unarsisi hajaufikia huyu, ni majivuno tu. Aibu anayo, na mwenye aibu anafundishika." Akanigeukia mimi. "Ila kazi unayo, mwanangu!"

Siku ya harusi Maridadi alivaa tai ileile, doa la damu likiwa kifuani. Nilitokwa machozi kwa furaha. Nikamwambia mama, "Unaona moyo wake?"

Mama alikuwa akimsikiliza bwana harusi, aliyekuwa akipita meza kwa meza, kidole kwenye doa: "Mnajua jinsi nilivyomwokoa shangazi yake?"