Dosari ya Kumi na Saba

Sipendi kusimulia habari hii, na kama mke wangu asingekuwa anaisimulia vibaya kila tunapopata wageni (yeye husema dume la ng'ombe lilinibusu mbele ya wazee wa kanisa, jambo ambalo si kweli, lilinilamba sikio tu), ningeinyamazia mpaka nizikwe nayo. Lakini aibu ikisimuliwa vibaya huwa aibu mbili, kwa hiyo bora niieleze mwenyewe, kwa mpangilio, nanyi mcheke mkimaliza.

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa karani wa kupokea maziwa huku kwetu Machame. Kila alfajiri watu walileta maziwa kwa ndoo na vibuyu, nami nikatumbukiza kipimo changu kuona kama yana maji, na yakiwa na maji nikayarudisha, hata kama mwenye ndoo ni shangazi yangu (na mara mbili ilikuwa ndoo yake). Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimejisomea mwenyewe kwa taa ya chemli, kila kitabu kilichonipitia mikononi, kikiwamo kimoja cha sheria za mikataba ambacho kilikuwa kimenyofoka kurasa za mwisho, na siku hizi nahisi onyo lilikuwa kwenye kurasa hizo.

Basi lori la chama chetu cha ushirika likaharibika, likawa linasubiri kipuri ambacho hakuna aliyejua kitatoka wapi, na maziwa hayasubiri kipuri. Nikaenda kukodi kwa baba mkwe wangu, Mzee Anaeli, pikapu yake ya kijivu kwa mwezi mmoja. Mtu mwingine angesema shikamoo, akapokea ufunguo, akashukuru, akaondoka. Mimi nilikwenda na rula, penseli na daftari, kwa sababu niliamini (na nililisema kwa sauti, Mungu anisamehe) kwamba undugu na mali visichanganywe.

Nilizunguka gari lile asubuhi nzima nikiandika kila dosari: mbonyeo, mkwaruzo, kutu, kioo kilichopasuka pembeni. Mzee alinifuata nyuma akinieleza habari ya kila moja, na nakumbuka kwenye mlango wa kushoto alianza kunisimulia jambo fulani la ng'ombe, nami nikamwomba kwa heshima anyamaze kidogo nisipotewe na vipimo. Mwishowe zikafika thelathini na moja. Chini yake nikaandika mkataba: "Gari litarudishwa likiwa na dosari zake zote thelathini na moja, zisiongezeke wala kupungua." Maneno "wala kupungua" hayakuwa na kazi yoyote. Niliyaweka kwa sababu sentensi ilisimama vizuri zaidi nilipoisoma kwa sauti.

Mzee Anaeli aliisoma karatasi ile mara mbili, akavua miwani.

"Mwanangu, unakodi gari au unaandika wosia wangu?"

Lakini alitia sahihi, tarehe tukaweka, nikaondoka nikijiona mtu wa maana sana.

Wiki ya mwisho breki zikaanza kulia, nikalipeleka gari mjini Moshi, kwa Fundi Rajabu wa Majengo, mtu mwema mwenye gereji isiyo na ukuta. Breki alizitengeneza vizuri. Ila wakati anashusha jeki, gari lilitikisika likagusa rafu, na gia boksi ya lori iliyokuwa imekaa juu ya rafu ile tangu sijui lini ikaanguka puu juu ya madigadi, bati la kufunika gurudumu la mbele, upande wa kulia, ikaacha mbonyeo mdogo, kama kisahani cha chai.

"Karani, hii ni yangu," akasema Rajabu, mkono kifuani. "Niletee Jumamosi niinyooshe, bure."

Sasa fikirini. Gari lenye dosari thelathini na moja limepata ya thelathini na mbili. Nani angeiona? Hakuna. Lakini mimi nilikuwa na orodha, na orodha ikishakuwapo huwezi kuwa mtu ambaye hana orodha. Jumamosi nikalipeleka. Maziwa yalikuwa kwenye makopo, jua linapanda, sikuwa na nafasi ya maelezo marefu. Nia yangu ilikuwa Rajabu aone dosari zipi ni za zamani asije akazigusa, kwa hiyo niliiacha orodha kwenye kiti, nikamwambia, "Karatasi hiyo hapo, isome kabla hujaanza," nikakimbia na mkokoteni wa makopo.

Niliporudi jioni nilipita gari langu bila kulitambua. Lilikuwa limenyooka. Lilikuwa limesuguliwa kwa nta mpaka mlango wa kushoto ungeweza kuutazamia kama kioo ukinyoa ndevu. Rajabu alikuwa amekaa kwenye tairi, amechoka, anatabasamu kama bwana harusi.

"Nimeita mafundi wawili kunisaidia," akasema. "Mambo thelathini na moja, Karani! Na kile kioo nimekubadilishia. Nilikukosea, nikasema acha nimfurahishe mtu huyu."

Nikazunguka upande wa kulia, mbele, nikaona kisahani changu cha chai kipo palepale.

"Na hii je?"

Rajabu akainama, akaitazama, akachukua karatasi akaipitia kwa kidole kuanzia juu mpaka chini.

"Hiyo haimo," akasema.

Sikuweza hata kukasirika. Fundi ukimwachia karatasi yenye namba, atajua hizo ni kazi. Ningekuwa mimi, ningefanya vilevile, na kwa uangalifu zaidi.

Nilifika nyumbani nikitumaini kwamba angalau watu watasema pikapu imependeza. Mke wangu alitoka na taa, akatembea taratibu ubavuni mwa gari, akasimama kwenye mlango wa kushoto.

"Bonde la baba liko wapi?"

"Bonde gani?"

"La Mpole! Kesi si kesho?"

Hapo ndipo niliposimuliwa, kwa mara ya pili sasa, ile habari ya ng'ombe niliyomnyamazisha mzee asiimalize. Miezi miwili nyuma, dume wa jirani yake, Mzee Elifasi, alikuwa ametoka bandani akaipiga kichwa pikapu mlango wa kushoto. Mzee Elifasi alikana. Alisema dume wake anaitwa Mpole na ana tabia ya jina lake, hajatoka bandani tangu azaliwe (kwetu ng'ombe hukatiwa majani wakaletewa, kwa hiyo si uongo wa ajabu), na kwamba ukweli ni huu, Mzee Anaeli alikunywa mbege akagonga nguzo ya lango lake mwenyewe, sasa anasingizia mnyama. Baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa. Hajawahi kuitwa mwongo, achilia mbali mlevi. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ameamua kwamba Jumapili, siku ninayorudisha gari, atakuja na wazee wawili kuutazama mlango, wapime alama za pembe, waseme nani mkweli.

Alama hizo zilikuwa namba kumi na saba kwenye orodha yangu. Rajabu alikuwa ameweka alama ya vema pembeni yake.

Jumapili sikwenda kanisani. Siku zile Jumapili magari yalikatazwa barabarani kuanzia saa nane mchana, kwa hiyo ilinibidi nifike mapema, na saa sita nilikuwa nimeliegesha gari kwenye kihamba, shamba la migomba linalozunguka nyumba ya baba mkwe, hakuna mtu. Ilikuwa sikukuu ya mavuno. Wote walikuwa kanisani, na baada ya ibada kuna mnada wa sadaka, na mnada wa Machame hauishi mpaka kuku wa mwisho anunuliwe. Nilikuwa na muda. Nikaikunjua orodha: "Na. 17. Mlango wa kushoto. Mbonyeo wa mviringo, upana inchi tisa, kina inchi moja na robo, na mikwaruzo miwili inayoachana kwa inchi kumi na tatu."

Nia yangu haikuwa kudanganya. Hilo naliapa. Niliona narudisha tu kilichokuwapo, kama mkataba unavyosema. Nilichukua mchi wa kinu, nikaufunga gunia, nikaupiga mlango. Nikapima. Upana inchi nne, na pembeni ukatokea mkunjo ambao hata mtoto angejua ni wa mchi. Nikakaa chini, nikafikiri kama nilivyojifunza kufikiri kwenye vitabu: kitu kilichosababishwa na jambo fulani hurudishwa na jambo lilelile. Nikatazama ng'ambo ya ua wa masale wa mpakani, kwenye banda la Mzee Elifasi.

Mpole alikuwa mkubwa kuliko nilivyotegemea. Nilimfungua nikamvuta kwa kipande cha mgomba, akanifuata bila ubishi, akipepesa macho kwenye jua kama mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali. Mlangoni nilikuwa nimepaka magadi ili ausogelee. Akausogelea. Akaulamba. Akaulamba tena, kwa upendo, juu mpaka chini. Nikamsukuma, akakaa. Nikamvuta mkia, akageuka akanilamba mkono, maana ulikuwa na magadi, na nilipojifuta jasho magadi yakanifika mpaka masikioni. Nilianza kuamini kwamba kweli ni mpole na baba mkwe wangu aligonga nguzo.

Lakini alipomaliza kulamba, mlango ukabaki unang'aa. Mpole akainua kichwa, akaona ndani ya nta ya Rajabu dume mwingine, naye anamtazama.

Akaupiga kichwa mlango, na mbonyeo wa kwanza ulikuwa mzuri sana. Nikawahi na rula: kina robo tatu ya inchi. Wa pili, palepale, inchi moja. Nilikuwa nimesahau kila kitu duniani, nimepiga goti kati ya dume na gari, rula mkononi, na alipopiga wa tatu nikapima nikapaza sauti kwa furaha ya kweli:

"Tosha! Tosha, Mpole! Moja na robo!"

Nikasikia mtu anakohoa.

Walikuwa wamesimama langoni, wametoka mnadani. Balozi na wazee wake wawili, Mzee Anaeli na koti lake la kanisani na mkungu wa ndizi begani, Mzee Elifasi na jogoo kwapani, na nyuma yao nusu ya usharika, maana kesi haikosi watazamaji. Dume mwingine alikuwa ametoweka kwenye mlango uliobonyea, kwa hiyo Mpole alitulia, akageuka, akanilamba sikio. Taratibu. Lote.

"Shikamooni," nikasema.

"Huyo si Mpole?" Balozi akauliza. "Elifasi, si ulisema ng'ombe wako hajui gari?"

"Hajui!" Mzee Elifasi akapiga kelele mpaka jogoo akapiga pia. "Amefundishwa leo! Mmeona wote, Karani anamfundisha! Anampa na maksi!"

Mzee Anaeli alishusha mkungu wake chini. Hakunikemea. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Mwanangu, sasa nani ataniamini?" na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga mkungu ule kichwani.

Nikaeleza yote. Gia boksi, kisahani cha chai, karatasi kwenye kiti, nta. Nilipofika kwenye alama ya vema ya Rajabu watu walikuwa wamekaa chini kwenye majani, wengine wanafuta machozi. Balozi alinyoosha mkono akaomba orodha. Akasoma namba kumi na saba, akatazama tarehe ya mwezi uliopita, akachukua rula yangu akapima pembe za Mpole, ncha hadi ncha. Inchi kumi na tatu.

"Aliyeandika ni mkwe wa Anaeli," akasema mzee mmoja. "Huo ni ushahidi wa nyumbani."

Kisha Mzee Elifasi akashusha pumzi, akamhamishia jogoo kwapa la pili.

"Huyu alinirudishia ndoo nzima ya maziwa kwa kikombe kimoja cha maji," akasema. "Na kikombe kweli kilikuwapo. Kuiba ng'ombe wa mtu anaweza, nimemwona kwa macho. Inchi hawezi kuiba." Akamtazama Mpole. "Siku ile komeo la banda lilikuwa limevunjika. Nilidhani amerudi bila kufanya kitu."

Kwa hiyo baba mkwe wangu akabaki mkweli na mzee wa kanisa. Mzee Elifasi aliamriwa kutengeneza komeo na kuleta mbege, nami kuleta mbege vilevile, kwa kosa la kumtoa mnyama wa mtu na, kama Balozi alivyosema, kumtia tabia mbaya siku ya Bwana.

Nilidhani yamekwisha. Mzee Anaeli akavaa miwani, akaichukua karatasi, akalizunguka gari lake polepole, kidole hewani, anahesabu.

"Hapa umeandika hazitapungua," akasema. "Zilikuwa thelathini na moja. Naona ya Mpole, na hii sijui ya nini."

"Ya mchi, baba."

"Ya mchi. Nyingine utanirudishia lini?"

Mpaka leo sijui kwa hakika kama alitania, maana karatasi aliitia ndani ya Biblia yake na haikutoka. Pikapu aliiendesha miaka mingi baadaye, na kila alipogonga kisiki au kukwaruza ukuta wa kanisa alimtuma mtu kwangu kwenye mizani, mbele ya watu wote na ndoo zao: "Mzee anasema namba tisa imerudi." Alipoacha kuendesha zilikuwa zimerudi ishirini na sita. Ile ya kisahani cha chai, ambayo ndiyo ilinipeleka kwa Rajabu mara ya pili, hakuna mtu aliyewahi kuiuliza.

Maziwa bado napima. Lakini nikiazima kitu cha mtu, hata jembe, nalipokea kwa mikono miwili bila kulitazama, nasema asante, na njia nzima nakwenda macho mbele.